Pamba ya Katanga haina kiu, ina njaa

Tangu ukame wa mwaka 2024 uipige Zambia, mazungumzo ya kilimo hapa Lubumbashi yamegeuka kuwa mazungumzo ya maji. Sababu inaeleweka. Serikali ya Zambia ilipotangaza janga la taifa mwezi wa Februari mwaka ule, na mahindi yakawa haba upande huu wa mpaka wa Kasumbalesa, kila nyumba ililihisi jambo hilo kwenye sufuria ya bukari, yaani ugali. Baada ya hapo zikaja paneli za jua, pampu ndogo za visima, na mabunda ya mipira myeusi yenye vitundu ambayo leo unayakuta yamepangwa mbele ya maduka ya vifaa. Kwenye simu zetu zinazunguka video za pamba ya Xinjiang na ya Israeli, mistari iliyonyooka hadi upeo wa macho, vitumba vimepasuka vyeupe, na chini ya kila mstari mpira unaodondosha maji. Swali linalofuata huwa ni lilelile: kwa nini sisi tusifanye hivi? Nimesoma zaidi ya orodha moja ya maombi ambayo vyama vya wakulima vinaiandaa kwa ajili ya kampuni za migodi, na mifumo ya matone kwa ajili ya pamba imo, mara nyingi kwenye mstari wa kwanza.

Nadhani tumeisoma picha hiyo vibaya. Pamba kwenye uwanda wetu haina kiu, ina njaa. Mpira wa matone umefanikiwa kule ulikofanikiwa kwa sababu mbili, nasi tumeiona moja tu. Ya kwanza ni maji mahali pasipo na maji. Ya pili, ambayo kamera haiioni, ni mbolea inayopita ndani ya maji hayo kidogo kidogo hadi kwenye mzizi. Sababu ya kwanza haituhusu sana. Ya pili inatuhusu sana, lakini kizuizi kikubwa cha udongo wetu ni uchachu, na dawa yake, chokaa, haipiti ndani ya mpira. Tukinunua mipira kabla ya kukiondoa kizuizi hicho, tutakuwa tumemnunulia mgonjwa kijiko cha fedha bila kumpa chakula.

Tuanze na chombo chenyewe, kwa sababu nakiheshimu. Aliyekifanya kiwe cha matumizi ya kila siku ni mhandisi Simcha Blass wa Israeli, aliyeungana na wakulima wa kijiji cha ushirika cha Hatzerim, na mwaka 1965 wakaanzisha kampuni ya Netafim. Hatzerim iko jangwani, Negev, mahali ambapo kila ndoo ya maji inahesabiwa. Kwa makadirio yanayotumiwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, maji yanayopitishwa kwenye mifereji humfikia mmea kwa takriban asilimia 60. Kwa matone ni takriban 90. Lakini wakulima wa jangwani waligundua mapema kwamba mpira unaopeleka maji unaweza kupeleka na chakula. Mbolea huyeyushwa kwenye tangi, ikavutwa na mkondo wa maji, ikadondoka pale pale penye mizizi. Kwa pamba jambo hili lina uzito wa pekee. Mpamba haunyonyi chakula kwa mwendo mmoja. Mwezi wa kwanza unakula kidogo sana; ukianza kutoa maua na kujaza vitumba, ulaji unapanda ghafla, hasa wa naitrojeni na potasiamu. Ukiumwagia naitrojeni yote siku moja mapema, unajenga majani na matawi, unachelewa kukomaa na unawaita wadudu. Ukiupa kwa mafungu yanayofuata tumbo la mmea, unajenga vitumba. Hiyo ndiyo akili iliyomo ndani ya mpira wa matone, na nitairudia, kwa sababu inaweza kutenganishwa na mpira.

Sasa tuitazame anga yetu. Lubumbashi hupata takriban milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Pamba, kulingana na hali ya hewa na urefu wa msimu, huhitaji milimita 700 hadi 1,300. Xinjiang inayoonekana kwenye video hizo, na inayotoa karibu asilimia 90 ya pamba ya China, sehemu yake kubwa hupata chini ya milimita 200 kwa mwaka na huishi kwa maji ya theluji inayoyeyuka milimani. Huko, bila umwagiliaji hakuna pamba hata kilo moja. Hapa, mvua inaanguka wakati uleule ambao mmea unaihitaji, kisha inakata Aprili, wakati vitumba vinataka jua kavu ili vipasuke bila kuoza. Nchi nyingi zingelipa pesa nyingi kupata kalenda kama hiyo.

Wanaotetea matone hujibu hapo kwamba lengo si msimu wa mvua, lengo ni kiangazi: kulima pamba mara ya pili, au kuipanda mapema. Hoja hii inavutia mpaka uiwekee tarehe. Pamba hukaa shambani miezi mitano hadi sita. Ukiipanda Septemba kwa maji ya kisima, vitumba vitapasuka Februari na Machi, katikati ya mvua kubwa, na pamba nyuzi italowa, itapata madoa, na nyingine itaozea mtini. Ukiipanda Machi ili ikomae kiangazi, inakutana na Juni na Julai zetu. Sisi tuko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila mtu aliyewahi kuamka saa kumi na moja alfajiri kusubiri basi mwezi wa Julai anajua baridi inavyouma; usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Mpamba husimama kukua halijoto inaposhuka chini ya takriban nyuzi 15. Maji yote ya mto Kafubu hayawezi kuupasha moto. Dirisha la pamba hapa ni moja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Mei au Juni, na dirisha hilo mvua imeshalijaza. Si bahati mbaya kwamba maeneo yaliyojulikana kwa pamba tangu zamani ni ya chini na yenye joto zaidi kuliko hapa: Kongolo na Nyunzu, Gandajika kule Lomami ambako kituo cha utafiti wa pamba kilijengwa, bonde la Ruzizi. Lubumbashi haikuwahi kuwa mji wa pamba, na urefu wa uwanda ni sehemu ya sababu.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa mifumo hawalisemi, labda kwa sababu hawajalifikiria. Mbolea inayopita kwenye maji inahitaji umwagilie ili ipite. Desemba, Januari na Februari mji huu hupata zaidi ya milimita 200 kila mwezi. Udongo umeshiba. Ili umpe mmea naitrojeni kwa mpira wakati huo, lazima uongeze maji juu ya maji, na naitrojeni itasukumwa chini ya mizizi kabla haijaliwa. Kwa hiyo katika miezi ambayo mpamba una njaa kubwa kabisa, mfumo wa kuulisha ungekuwa umefungwa. Halafu kuna maji yenyewe. Visima vingi vya hapa vinachota kwenye mwamba wa dolomia na chokaa, na maji yake ni magumu. Mama yeyote anayechemsha maji ya kisima ameiona tabaka nyeupe ndani ya birika. Tabaka hiyo hujijenga vilevile kwenye vitundu vya mpira, na ukichanganya fosforasi kwenye maji ya namna hiyo inagandamana na kalisi na kuziba haraka zaidi. Dawa yake ni kusafisha kwa asidi na kuwa na chujio zuri, kazi inayowezekana kwa shamba lenye fundi wa kudumu. Kwa chama cha wakulima 30 wenye tangi moja, nimeshaona inavyoishia.

Jambo kubwa zaidi niliona mwaka jana, kwenye shamba dogo nje ya mji. Mipira ilikuwa mizuri, maji yanadondoka, miche ya pamba imesimama kwa mstari lakini ni mifupi na myekundu kwenye kingo za majani. Mwenye shamba, mzee anayelima kwa moyo wote, alidhani maji hayatoshi. Tuling'oa mche mmoja. Mzizi mkuu, ambao kwa mpamba wenye afya hushuka moja kwa moja zaidi ya mita, ulikuwa umefika kama urefu wa kiganja, ukapinda kama kiwiko na kwenda pembeni. Chini yake kulikuwa na udongo mwekundu, wenye unyevu, usio na mzizi hata mmoja.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Udongo mwekundu wa uwanda wa miombo umeoshwa na mvua kwa muda mrefu mno. Kalisi na magnesi zimekwenda, udongo umebaki na uchachu, na kwenye udongo mchachu alumini huyeyuka na kuwa sumu ya ncha za mizizi. Muhogo huvumilia hali hiyo, mahindi hulalamika, pamba hukataa. Ni miongoni mwa mazao yanayoumizwa haraka na alumini. Juu ya hapo, chuma na alumini za udongo huo huikamata fosforasi na kuifungia, ndiyo maana fosforasi inatakiwa iwekwe karibu na mbegu siku ya kupanda, si kusambazwa wala kutiririshwa. Na boroni ni haba. Upungufu wa boroni kwa pamba umejulikana miaka mingi kwenye udongo wa namna hii kuanzia Malawi hadi Zambia: maua na vitumba vichanga hudondoka, vikonyo vya majani vinapata pete za rangi nyeusi, na mkulima anadhani ni mdudu au jua. Hakuna tatizo hata moja kati ya haya ambalo tone la maji linalitibu. Chokaa haiyeyuki kwa namna ya kupita kwenye mpira. Lazima imwagwe na kuchanganywa na udongo kwa jembe. Zaidi ya hayo, urea na mbolea zenye amonia huongeza uchachu, na mfumo wa matone unazirundika kwenye kiasi kidogo cha udongo chini ya kila kitundu. Kwenye udongo ambao tayari ni mchachu, unaweza kutengeneza mfululizo wa visiwa vya sumu pale hasa ulipoielekeza mizizi ikae.

Hoja nzito kuliko zote za upande wa pili ni ya mabadiliko ya tabianchi, na siipuuzi. Mvua zinachelewa, na kuna misimu ambayo Januari inakatika wiki mbili au tatu wakati mimea iko kwenye maua. Maji ya akiba wiki hizo yangeokoa mavuno, na mwenye kisima na pampu tayari atakuwa na haki ya kuvitumia. Lakini hata hapa, tazama ule mzizi uliopinda. Mmea wenye mizizi ya sentimita 20 unanyauka baada ya siku chache za jua. Mmea wenye mizizi ya mita moja kwenye udongo uleule unaendelea kunywa maji yaliyohifadhiwa chini na mvua za Desemba. Chokaa inayofungua njia ya mzizi inaongeza maji ya mkulima bila pampu. Anayeogopa ukame ana sababu zaidi ya kuanza na udongo.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi: kwamba kilimo cha mvua ni kilimo cha maskini, na mfumo wa matone ni maendeleo. Naisikia kwa vijana waliosoma, hata kwa viongozi. Basi tuitazame Brazil. Jimbo la Mato Grosso liko kwenye latitudo inayokaribiana na yetu, lina msimu mmoja wa mvua na kiangazi kikali, na udongo wake mwekundu ulikuwa mchachu, maskini wa fosforasi, uliojaa alumini, kiasi kwamba watu waliamini hautawahi kulimika. Shirika la utafiti la serikali, Embrapa, lililoanzishwa mwaka 1973, lilifanya kazi miongo mingi juu ya jambo lile lile tunaloliruka sisi: chokaa kwa udongo wa juu, jasi kwa udongo wa chini, fosforasi, boroni, mbegu zinazofaa. Leo zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya Brazil hulimwa kwa mvua tu, na katika msimu wa 2023/24 nchi hiyo iliipita Marekani na kuwa muuzaji mkubwa wa pamba nje duniani. Sitaki mashamba yetu yawe kama yale, ya maelfu ya hekta, matrekta na dawa za wadudu zisizo na kipimo. Nataka tu tukubali ukweli mmoja: ndugu wa udongo wetu ameshapona, na hakuponeshwa na mpira wa matone. Mali, Benin na Burkina Faso nao hulima pamba yao kwa mvua, na mbolea ya kupandia wanayoitumia miaka mingi imechanganywa kwa ajili ya pamba, ikiwa na salfa na boroni ndani. Mifuko ya angre, yaani mbolea ya dukani, inayouzwa kwetu imechanganywa kwa ajili ya mahindi.

Hesabu ya pesa nayo inaelekea huko huko. Mkulima wa Benin amekuwa akilipwa kama faranga za CFA 300 kwa kilo ya pamba mbegu, yaani karibu nusu dola. Tuseme mfumo wa matone unampa mkulima wetu tani moja ya ziada kwa hekta, ambayo ni zawadi kubwa: hiyo ni dola 500, kabla ya kulipa wachumaji na gari. Mfumo wenyewe kwa hekta moja unapita dola 1,000 kwa urahisi, bado kisima, pampu na paneli, na mipira myembamba huisha baada ya misimu michache. Nyanya, vitunguu na kabichi za kiangazi ni habari nyingine kabisa. Zinalimwa kwenye eneo dogo, zinavumilia baridi ya Juni kuliko pamba, zinauzwa papo hapo kwenye soko la mji wenye mamilioni ya walaji, na bei yake hupanda wakati mvua imekwisha. Mipira iliyo mbele ya maduka yetu ina kazi, na kazi yake iko kwenye bustani za akina mama wanaobeba ndoo kutoka mtoni alfajiri. Kuitoa huko na kuipeleka kwenye pamba ni kuwanyima wao kwa ajili ya picha nzuri.

Nasema picha kwa sababu ndipo fedha zinapoingia. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inazitaka kampuni zitoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi, na asilimia 15 ya mrabaha inakwenda kwa mamlaka za wenyeji. Kwa miaka kadhaa sasa Rais amekuwa akihubiri kwamba udongo wa juu ulipize kisasi kwa mali iliyo chini yake. Kauli hiyo naiamini. Lakini mpira wa matone unapigwa picha siku ya makabidhiano, na tani mbili za chokaa zilizochanganywa ardhini haziachi kitu cha kupiga picha isipokuwa vumbi. Ndiyo maana orodha za maombi zinaanza na mipira. Nasi tumezungukwa na chokaa: mwamba wa Kakontwe, Likasi, umechimbwa miongo mingi kwa ajili hiyo, na malori ya chokaa kutoka Ndola yanavuka Kasumbalesa kwenda kwenye viwanda vya shaba na kobalti, ambavyo huitumia kupunguza makali ya asidi yao. Kazi ileile ambayo kiwanda kinaitaka kwenye matangi, shamba linaitaka kwenye udongo. Kampuni inayonunua chokaa kwa malori inaweza kugeuza malori machache kuelekea vijijini kwa gharama ndogo kuliko mfumo mmoja wa umwagiliaji. Iwe chokaa safi, nasisitiza, si mabaki ya kiwanda yaliyojaa metali. Tumeshapata ya kutosha ya hayo kwenye mito yetu.

Na ile akili ya mpira, ya kumlisha mmea kwa mafungu na penye mzizi, tunaweza kuichukua bila kununua mpira. Kifuniko cha chupa ya soda hubeba takriban gramu 6 za mbolea ya punje. Shamba lililopandwa kwa nafasi ya sentimita 80 kwa 40 lina mashimo 31,250 kwa hekta. Kifuniko kimoja kwa kila shimo ni kilo 187, karibu kipimo kilekile wanachokitumia Afrika Magharibi. Mbolea ya kupandia yenye fosforasi na boroni siku ya kupanda, samadi ya kuku kwa aliye nayo, kisha urea mara mbili, miche ikianza kutoa vichomozi vya maua na tena wiki tatu baadaye, na kusubiri siku ambayo udongo una unyevu bila mvua kubwa kutishia. Ni kazi ya mikono, ndiyo, lakini ni mikono inayojua kuhesabu mashimo. Kabla ya yote hayo ipimwe asidi ya udongo. Kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiko Kasapa, na INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, wana kituo chao Kipopo. Kupima udongo wa kijiji kizima ni gharama ndogo kuliko tangi moja la plastiki.

Kama baada ya misimu mitatu kuna shamba lililotiwa chokaa, mzizi umeshuka mita moja, pamba imelishwa vizuri, na bado ukame wa Januari unaipokonya mavuno, nitakuwa wa kwanza kuandika kwamba wakati wa mipira umefika. Leo tatizo letu la kwanza ni kalenda. Chokaa haifanyi kazi kwenye vumbi kavu. Inahitaji unyevu na miezi kadhaa. Ile inayongojewa na pamba ya Desemba inatakiwa iwe imeshachanganywa na udongo kabla mvua za Aprili hazijakata. Orodha za maombi nilizoziona zina tarehe za Agosti na Septemba.